Chini, Taratibu
Nilipotaka kuutia katika Kiswahili msemo wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, «bajito y suavecito», nilikwama kwenye kiambishi. Kile -ito cha Kihispania hudogosha na kubembeleza kwa pamoja. Ki- chetu hudogosha, ila mara nyingi hudunisha. Basi «chini, taratibu» nimeikubali kwa shingo upande.

Msemo huo ni wa wenye magari yaliyoshushwa wa Los Angeles. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana walikata springi au walipakia mifuko ya mchanga kwenye buti ili gari litambae. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, sheria ya California ikakataza bodi kushuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akaifungia Corvette yake pampu za haidroliki za ndege: akimwona askari hubonyeza swichi, gari likainuka, likawa halali. Ujanja huu hunichekesha kila niukumbukapo.

Katazo liliondolewa tarehe 1 Januari 2024. Waliotozwa faini za mwanzo, kama wapo hai, ni vikongwe.