Milango ya Uluguru: Habari za Njia za Kuvukia Milima

Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote la kutaja mahali ambapo safu ya milima hushuka kidogo ikampa msafiri nafasi ya kuvuka. Wengine husema kipito, wengine pengo, na wengine huridhika kusema njia ya mlimani. Mimi napendelea neno mlango, wala silibuni. Mabaharia husema mlango wa bahari kwa maji membamba yapitayo baina ya nchi mbili. Nasi sote twasema mlango wa ukoo, yaani nyumba moja katika jamaa kubwa. Katika makala haya nataka kuonyesha kuwa maana hizi mbili, ya kupita na ya jamaa, zahitajika pamoja mtu akitaka kuifahamu historia ya Milima ya Uluguru. Na kwamba kuchagua neno hapa si kazi ya wanakamusi peke yao.

Jina Uluguru latokana na lugulu, yaani mlima. Wasukuma nao wanalo neno hilo, na kwao igulu ni mbingu, kama eggulu la Waganda. Waluguru basi ni watu wa mlimani: jina lao lataja makao, halitaji babu mmoja. Makumi ya koo zao ziliingia milimani kwa nyakati mbalimbali na kutoka pande mbalimbali, kila moja ikifuata bonde lake, na mpaka leo ardhi hukumbukwa kwa lukolo, yaani ukoo uhesabiwao kwa upande wa mama. (Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kinachousimamia mji wa Morogoro, kwa sura ya jina lake ni neno letu upanga kabla halijapoteza ile l ya mwanzo. Mwanafunzi wa ngeli za Kibantu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.)

Msemaji wa Kinole, upande wa mashariki, na msemaji wa Mgeta, upande wa magharibi, hutofautiana matamshi na baadhi ya maneno, lakini lugha yao ni moja. Kati yao pana miinuko ipitayo mita 2,000, na kusini zaidi kilele cha Kimhandu kimepita mita 2,600. Kama milima hii ingalikuwa ukuta, kama ramani zinavyotushawishi kuamini, tungalikuwa leo na lugha mbili. Watu walivukana: walioana, walizikana, walikwenda kuomba mvua. Huko Kolero palikuwa na pango la Kolelo, ambalo sifa yake ilifika mbali hata Wazaramo wa nchi tambarare wakawa wakilisafiria. Safari hizo zote zilikuwa za miguu.

Wageni, kinyume chake, walizunguka. Burton na Speke, mwaka 1857, walipita kusini-mashariki kwa Zungomero, palipokuwa makutano makubwa ya misafara. Stanley, mwaka 1871, alipita kaskazini, akaona boma la Simbamwene lililojengwa na Kisabengo. Reli ya Wadachi ilipofika Morogoro mwaka 1907 ilifuata vilevile tambarare. Wako wachache waliopanda, kama Stuhlmann mwaka 1894, lakini waliosomwa zaidi ni wale waliopita chini, na kwao Uluguru ulikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Hivyo milima ikaingia vitabuni ikiwa haina njia ndani yake.

Upungufu huo wa vitabu ulikuja kumgharimu mtu mwaka 1916. Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza, alitumaini kumfungia Lettow-Vorbeck mjini Morogoro. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nyuma ya mji kuna milima, akikamata njia mbili zinazoizunguka, ya Mlali upande wa magharibi na ya Kiroka upande wa mashariki, Wadachi hawatakuwa na pa kutokea. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti wakaukuta mji mtupu. Baadaye, katika taarifa yake, Smuts alikiri kwamba hakujua kuwa kulikuwa na njia itokayo Morogoro moja kwa moja kusini, kupitia katikati ya milima, mpaka Kisaki. Nadhani kila mchunguzi wa lugha na asome sentensi hiyo. Jeshi zima lilipanga vita juu ya ramani, na jambo ambalo mtoto wa Kiluguru angaliweza kulieleza halikuwamo katika ramani hiyo.

Yaliyofuata yathibitisha zaidi. Kikosi cha Brits kilishika njia ya magharibi, lakini njia ilipokuwa ya miguu tu, mizinga na magari ilibidi yarudishwe. Kikosi cha Nussey kilipita katikati ya milima. Vyote viwili vilikuwa vikielekea Kisaki, na mlima uliokuwa kati yao ukawazuia kupashana habari. Brits akashambulia tarehe 7 Septemba akarudishwa. Nussey akafika kesho yake, akashambulia, naye akarudishwa. Vikosi viwili ambavyo kwa pamoja pengine vingalishinda vilishindwa kimoja kimoja.

Lakini nani alibeba? Farasi walikufa kwa mbung'o, magari hayakupanda, na mizigo ya pande zote mbili ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya Waafrika, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Waingereza waliwapanga wapagazi wao katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, na mahali palipokuwa kambi yao Dar es Salaam pakawa Kariakoo, na Nairobi pakawa Kariokor. Sasa tazama: neno lile lile la Kiingereza lenye maana ya mchukuzi lilituingia mara ya pili kwa mlango mwingine, nalo ni keria, kile kiti cha chuma nyuma ya baisikeli. Mara ya kwanza lilikuwa jina la mtu aliyelazimishwa kubeba. Mara ya pili likawa jina la chombo kimbebeacho mtu mzigo wake mwenyewe. Sijui mfano mwingine wa neno la kigeni katika lugha yetu lililobeba historia nzito hivyo katika silabi chache hivyo.

Baisikeli yenyewe haikuishinda Uluguru, na msomaji aliyepata kutoka Morogoro kwa magurudumu mawili kupitia Bigwa anajua kwa nini. Katika Kiswahili kupanda mlima na kupanda baisikeli ni kitenzi kimoja; pale Kiroka vitendo hivyo viwili aghalabu havifanyiki pamoja. Mtu huteremka, huikokota mpaka juu, ndipo akipata mteremko hupanda tena, na njia hufunguka mbele yake kuelekea Mkuyuni na Matombo, penye yale majabali mawili yaliyopaita mahali hapo matiti kwa Kiluguru. Upande wa Mgeta ni mkali zaidi: toka Mlali hata juu, magurudumu husaidia katika kushuka kuliko katika kupanda, na mboga za Mgeta zimeshuka kwa miaka mingi juu ya vichwa vya wanawake. Njia ya katikati, ile aliyoikosa Smuts, ni ya miguu tu. Wageni wanaokuja siku hizi kutembea na kuendesha baisikeli kwa ajili ya uzuri wa nchi huzisifu njia hizi kama kwamba zilikatwa na maumbile. Zilikatwa na nyayo.

Njia ya mashariki ilipitisha pia mambo mengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza, ikihofia mmomonyoko wa udongo na maji ya mto Ruvu, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Huko Matombo watu waliona udongo mbovu wa chini ukifukuliwa na mazao yakipungua. Mwezi wa Julai 1955 wakakusanyika kukataa. Polisi wakapiga risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukavunjika. Mgeta, ambako mboga zilikwisha pata soko, ngazi zilibaki na zipo mpaka leo. Wengi wameeleza tofauti hii kwa udongo peke yake. Mimi naona ya kuwa njia ya kufikia soko ilikuwa na nguvu sawa na udongo.

Nafika sasa Bunduki. Hapo, kati ya sehemu ya kaskazini na ya kusini ya milima, mgongo hushuka, na msitu uliounganisha pande hizo mbili umefyekwa kwa sehemu kubwa. Pana mashamba na nyumba. Wadachi walikuwa wamekwisha kuitenga misitu ya kaskazini na ya kusini tangu 1909, na mwaka 2008 iliunganishwa pamoja na msitu wa Bunduki kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Wataalamu wa misitu hupaita mahali hapo Pengo la Bunduki, na kwa elimu yao hawakukosea, maana ndege na wadudu wa msituni hawavuki mashamba kwa urahisi, na miti ikirudi wataungana. Lakini pengo katika Kiswahili ni mahali palipotoka kitu kilichopaswa kuwapo, kama jino. Likiisha kuitwa pengo, aliyemo humo ndiye kasoro, na kuliziba ni wema usiohitaji maelezo. Mahali hapo hapo pakiitwa mlango, swali hubadilika mara moja: nani apita, nani anayeufunga, na ufunguo u kwa nani. Warsha na mabango ya uhifadhi huandikwa kwa Kiswahili. Neno lichaguliwalo humo husomwa na mwenye shamba kabla hajasoma sheria.

Pale Kiroka pikipiki zimechukua nafasi ya baisikeli kwa kadiri kubwa. Ndizi zashuka zimefungwa nyuma kwa kamba za mpira, na kile chuma zinachofungiwa bado chaitwa keria.