Flashi na Istilahi ya Kuandikika Upya

Istilahi "hifadhi ya kubebeka ya kuandikika upya" ina vipande vitatu: hifadhi, ya kubebeka, ya kuandikika upya. Viwili vya kwanza havina ugomvi. Hifadhi ni neno lilelile tunalolibofya tunapotaka kazi isipotee, na kubebeka hakuna asiyekuelewa. Ugomvi uko kwenye kipande cha tatu, nacho ndicho anachopaswa kukielewa mtu anayekwenda dukani kutafuta chombo cha kubebea faili zake za kila siku.

Kiambishi -ik- kina tabia mbili. Chaweza kusema jambo linawezekana: njia inapitika, maji yananyweka. Chaweza pia kusema jambo limeshatokea bila kumtaja aliyelitenda: kikombe kimevunjika, chumvi imemwagika. Kuandikika upya kunaegemea tabia ya kwanza, ndiyo maana naikubali istilahi hii ijapokuwa ni ndefu. Mtu angeweza kuifupisha iwe hifadhi ya kufutika, na asingekuwa mbali na ukweli, maana katika vyombo hivi kuandika si kazi. Kazi ni kufuta.

Sidii zilituonyesha hilo mapema. Sidii ya kawaida ya kuchoma ina tabaka la rangi ambalo leza huliunguza, na kilichoungua hakirudi. Sidii ya RW, iliyoingia sokoni mwaka 1997, ina tabaka la aloi ya fedha, indi, antimoni na teluri badala ya rangi. Leza kali huyeyusha doa dogo, doa likapoa ghafla kabla fuwele hazijajipanga. Huko ni kuandika. Leza ya wastani hulipasha joto doa lilelile bila kuliyeyusha, fuwele zikajipanga tena. Huko ni kufuta, na aloi ilihesabiwa kuvumilia kama mara 1,000 hivi. Sisi tuliendelea kusema "kuchoma" kwa zote mbili, ingawa katika ya pili hakuna kinachoungua. Tatizo lake kubwa lilikuwa jingine: tabaka hilo hurudisha mwanga kidogo sana, kwa hiyo redio nyingi za zamani ziliikataa. Leo kompyuta ndogo nyingi hazina hata mlango wa sidii, na kwa faili za kila siku mjadala wa sidii umekwisha.

Tumebaki na flashi. Mwaka 1984 mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alieleza mbele ya wataalamu wenzake, mjini San Francisco, aina mpya ya kumbukumbu ya kielektroniki. Jina linasemekana lilitoka kwa mwenzake, Shoji Ariizumi, aliyeona kwamba namna data nyingi zinavyofutwa kwa mkupuo mmoja inafanana na mmuliko wa kamera. Kumbe flashi iliitwa hivyo kwa sababu ya inavyofuta. Kasi ya kuandika haikuwa na sehemu katika jina hilo, wala umbo la kijiti tunachokitundika kwenye funguo, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2000. Kimojawapo cha mwanzo, kilichouzwa na IBM Marekani, kilikuwa na MB 8 tu.

Kiswahili cha vitabuni kimeipa jina la diski mweko. Mweko ni mmuliko wa ghafla, kama wa radi, kwa hiyo nusu hiyo ya tafsiri imelenga vizuri. Nusu ya kwanza ndiyo iliyopotoka, maana humo ndani hakuna diski. Hakuna cha duara wala kinachozunguka. Kuna chipu na elektroni zilizofungiwa. Halafu msikilizaji asiyelijua neno mweko hulisikia kama limetoka kwenye kuweka, akadhani ni diski ya kuwekea vitu. Mimi naona flashi latosha. Limeshaingia kwenye ngeli yake bila kusukumwa, flashi yangu, flashi zetu, na limezaa kitenzi: fundi simu akisema anaflashi simu, anafuta programu iliyomo kwenye kumbukumbu ya flashi ya simu hiyo na kuiandika upya. Fundi huyo amelitumia neno sawasawa kuliko waandishi wengi wa kamusi.

Lakini neno upya linaficha jambo moja. Flashi haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Data huandikwa kurasa kwa kurasa, za kilobaiti chache kila moja, ilhali kufuta hufanyika kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi. Ni kama ubao wa darasani usio na kifutio kidogo: ukitaka kubadilisha neno moja, inabidi unakili ubao mzima pengine, uufute wote, kisha uandike tena. Chipu ya usimamizi iliyomo ndani ya flashi hukwepa usumbufu huo kwa kuandika toleo jipya kwenye ukurasa mtupu na kuliacha la zamani lisubiri zamu yake ya kufutwa. Nayo kompyuta, unapofuta faili, huiondoa tu kwenye orodha yake bila kugusa data yenyewe; ndiyo sababu faili uliyoifuta asubuhi fundi anaweza kuiokoa jioni, mradi hujaandika kitu kingine.

Kila ufutaji unazilazimisha elektroni zipenye tabaka jembamba la kihami, na tabaka hilo huchakaa. Seli zinazobeba biti moja moja huvumilia kama mara 100,000. Zinazobeba biti tatu huchoka baada ya elfu moja hadi elfu tatu hivi, na za biti nne mapema zaidi. Flashi nyingi za bei nafuu hutumia hizi za biti tatu au nne. Kwa mwalimu anayebeba mitihani au karani anayebeba barua si jambo la kumnyima usingizi. Kwa kadi ya memori iliyo kwenye kamera ya ulinzi inayorekodi usiku na mchana, ni jambo kubwa. Na kwa kila mtu, kuifungua hati kwenye kompyuta, kuifanyia kazi humo, kisha kuinakili kwenye flashi ni bora kuliko kuihariri ikiwa ndani ya flashi.

Dukani, tazama mpangilio wa faili kabla ya ukubwa. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja ya kufikia GB 4, hata ikiwa na nafasi tele. Video ya harusi itagoma na utalaumu kompyuta. Iliyopangwa kwa exFAT inaipokea, lakini redio nyingi za magari na sabufa haziisomi. Basi ya nyimbo iwe FAT32, ya kazi iwe exFAT. Usishtuke ukikuta flashi ya GB 32 ikijionyesha kama 29.8, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na kompyuta yako kwa 1,024. Ukikuta ya GB 512 kwa bei ya sahani ya chipsi, shtuka. Zipo zilizorekebishwa ziutaje ukubwa zisio nao: zinapokea kila kitu bila kulalamika, na zikijaa kimyakimya zinaandika mapya mahali pa yale ya zamani. Kipimo ni kuijaza yote na kuisoma tena, na programu za bure kama H2testw na F3 hufanya hivyo.

Kuhusu virusi vya shotikati, vile vinavyoficha faili na kuacha njia za mkato, vinavyookotwa steshonari, dawa nafuu ni kuwa na flashi ndogo ya kupeleka vitu vya kuchapisha tu. Isiwe na kitu kingine.

Dukani ndipo pia ile tabia ya pili ya -ik-, ya jambo kutokea bila mtendaji kutajwa, inaporudi, nami naona kwa nini hifadhi ya kufutika si istilahi ya kubandika kwenye boksi. Mnunuzi ataisikia kama hifadhi inayojifuta. Na kwa bahati mbaya hatakuwa amekosea kabisa: elektroni huvuja polepole flashi ikikaa bila umeme, na ile iliyokwisha kuchakaa huvuja haraka zaidi, hasa mahali pa joto kama dashibodi ya gari. Picha za familia zinazotakiwa kukaa miaka kumi ziende kwenye diski kuu ya nje, ile ya eksteno, ambayo huandika kwa sumaku, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Flashi ibebe za wiki hii.