Mpingo, keezo na tundu la katikati

Ukipita kwenye maduka ya vinyago Arusha mjini, shika kitu chochote cha mpingo ukipime mkononi. Kizito, eh? Mpingo hata ukikauka unazama majini. Wengi tunaujua kwa vinyago vilivyochongwa kwa tezo na patasi, ila una historia nyingine: ya kukerezwa.

Kukereza si jambo geni kwetu. Mafundi wa pwani walikuwa na keezo zamani kabla ya umeme, ndiyo maana miguu ya vitanda vya kale vya Lamu na Zanzibar ina yale mafundo ya duara.

Lakini mguu wa kitanda ni kazi nyepesi. Balaa ni chombo chenye uwazi ndani. Fikiria gogo la kipenyo cha sentimita 10, limefungwa kwa urefu wake, linazunguka mara 1,000 kwa dakika. Ukingoni, mti unapita mbele ya patasi kwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Sogea katikati: kasi inapungua, inapungua, mpaka sifuri. Pale patasi haikati, inasukuma tu. Kwa hiyo fundi hutoboa kwanza tundu katikati, ndipo anakomba kutoka tunduni kwenda nje, ili kila unyuzi anaoukata uegemee mwenzake ulio nyuma yake. Akienda kinyume, nyuzi zinachanika.

Klarineti nayo ni hivyohivyo: kipande cha mpingo kilichotobolewa na kukerezwa.

Sasa, mkereza mmoja wa Texas, James Harris, aliyeupenda sana mti huu, aliona kwenye televisheni filamu kuhusu mpingo. Ndani yake alikuwemo Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, aliyewahi kufanya kazi Ngorongoro. Harris akamtafuta. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuhifadhi mpingo, na miche ikaanza kuoteshwa Moshi, kilometa 80 hivi kutoka Arusha. Kwangu mimi hili ndilo la ajabu: aliyekuwa anautumia mti mbali huko ndiye aliyeuliza nani anaupanda.

Chuwa alifariki mwaka 2014. Mpingo huhitaji miaka 70 hivi au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo miche ile ya kwanza bado ina miongo kadhaa ya kusubiri kabla ya kufika kwenye keezo.