Ukumbusho na Jirani: Kutoka Wittenberg hadi Reli ya Kati

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa imekwisha kuipita Kilosa, ilishindwa kupanda mlima wa Igandu, mkoani Dodoma. Ilirudi nyuma kwa kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Baadhi yao walizikwa Dodoma pasipo kutambuliwa na jamaa zao.

Siku hiyo kalenda yetu humkumbuka Yohana Mbatizaji; kesho yake hukumbukwa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Kwa hiyo mchungaji wa Kilosa, Kisanga au Mikumi, aliye jirani na nyumba iliyofiwa siku ile, hana budi kujiuliza: je, ashike utaratibu ulioandikwa, au aende kwa wanaoomboleza, hata kama si washarika wake, hata kama ni Waislamu?

Historia yetu imekwisha kulikabili swali hilo. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wa Saxony akamtaka Martin Luther aondoke. Yeye alibaki pamoja na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen. Tarehe 1 Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, alimwandikia Nikolaus von Amsdorf kwamba walikuwa wakinywa kwa kukumbuka mwaka wa kumi tangu vyeti vya msamaha vipingwe. Katika barua iyo hiyo alieleza kuwa nyumba yake imekuwa hospitali.

Tuutafakari mpangilio huo. Ukumbusho haukufutwa, bali ulifanyika kati ya wagonjwa. Luther hakuiweka imani kando ili amhudumie jirani; imani ndiyo iliyomzuia asikimbie. Mwaka uo huo aliwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza kama Mkristo aweza kuikimbia tauni: wenye wajibu wa kuwatunza watu wasiwaache pasipo mtunzaji.

Basi, ndugu wachungaji, utaratibu wa ibada ni mtumishi, si bwana. Ibada ya 24 Juni na isomwe, lakini isomwe penye wafiwa, na marehemu watajwe bila kukiuliza kitabu cha washarika. Yohana alikuwa mwana wa kuhani, lakini alihubiri nyikani. Nao waliomuuliza watende nini, aliwaelekeza kwa jirani asiye na nguo.