Kabla ya mshale wa juu

Fundi wa kompyuta anayeshinda kwenye dirisha la amri hubonyeza mshale wa juu bila hata kufikiri. Amri aliyoiandika punde inarudi, anarekebisha herufi moja, anabonyeza Enter, kazi inaendelea. Mshale huo ulichelewa kufika. Wazo lenyewe limepita miaka 50, na Warren Teitelman, mmoja wa waliolianzisha, hatajwi inavyostahili.

Mfumo wa Unix ulipokuwa mchanga katika maabara za Bell, Marekani, watu waliiamuru kompyuta kwa Teletype Model 33, mashine ya kupiga chapa iliyotoa herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi ya kuviringishwa. Ukikosea neno moja na ukaituma amri, unaipiga yote upya. Amri zako za nyuma ungeweza kuzisoma kwenye karatasi, lakini kompyuta yenyewe ilikwisha kuzisahau. Si ajabu amri za siku zile zilikatwa zikawa fupi mno: ls, cp, mv.

Teitelman aliona kwamba anayepaswa kukumbuka ni mashine. Alifanya kazi kampuni ya BBN, Massachusetts, kisha akahamia kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto. Mwaka 1972 alieleza kwa maandishi programu aliyoiita msaidizi wa mwandishi wa programu, ndani ya lugha ya Lisp. Iliweka orodha ya kila ulichoagiza. Ukiandika REDO, inarudia. FIX, inakuletea agizo lile ulirekebishe. UNDO, inatengua kilichofanyika. Kila anayebonyeza Ctrl+Z leo kufuta kosa anatumia wazo la ukoo huo huo.

Kwa upande wa Unix, aliyefungua njia ni Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1970. Programu yake ya kupokea amri, csh, ilitumia alama ya mshangao. Mbili zikifuatana, !!, zilirudisha amri iliyopita; !$ ilichukua neno lake la mwisho. Kosa nalo lilikuwa na dawa. Tuseme umeandika:

cp hesabu.txt /home/juma/nakla

Folda inaitwa nakala, nawe umeruka herufi. Uliandika tu ^nakla^nakala na amri nzima ikarudi imenyooka. Kwa nini Joy asitumie mishale? Vituo vingi vya siku hizo, yaani vifaa vya kuandikia amri, havikuwa na vitufe vyake. ADM-3A, aliyoitumia Joy mwenyewe, ilichorewa mishale juu ya herufi H, J, K na L, na vituo vya karatasi havikuwa na skrini ya kurudi nyuma hata kidogo. Alama za Joy zilifanya kazi kote. Kwa maoni yangu huo ni ubunifu mkubwa kuliko mshale wenyewe, na bado unafanya kazi leo katika Bash.

Mwaka 1983 David Korn wa Bell alitangaza ksh, iliyomruhusu mtu kuiita amri ya zamani na kuihariri palepale kwenye mstari. Brian Fox akafuata mwaka 1989 na Bash, ambayo ilienea pamoja na Linux. Watumiaji wa DOS walisubiri zaidi: kwa miaka mingi walikuwa na vitufe kama F3, vinavyorudisha mstari mmoja tu wa mwisho, hadi MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991 ilipoleta DOSKEY na mshale wa juu.

Bash huhifadhi amri katika faili la .bash_history, 500 za mwisho usipobadilisha mpangilio. Badala ya kupanda mshale mara 40, bonyeza Ctrl+R na uandike kipande cha amri unayoikumbuka, itakuja. Lakini faili hilo ni maandishi ya kawaida, na halichagui cha kuhifadhi. Usiandike nywila ndani ya amri. Iache programu ikuulize. Na kama umeshaandika, ifute kwenye faili hilo leo, kisha ubadilishe nywila yenyewe.