Pesa ya Kusomea Uinjinia: Mkopo au Ufadhili?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali mtaani ni lile lile: pesa ya kusomea uinjinia itatoka wapi? Mimi nimemaliza fom siksi na mzee wangu ni mkulima, kwa hiyo suala hili nimelifuatilia. Njia kubwa ni mbili, tusizichanganye.

Ya kwanza ni mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hili ni deni jamani! Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Tangu 2023/24 hata baadhi ya fani za diploma zinakopeshwa.

Ya pili ni Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23. Hii hairudishwi, ila ni ya waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaoingia digrii za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba.

Kwenye mkopo, wengi wanakwamia vyeti. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema. Aliyezaliwa Zanzibar aende ZCSRA. Yatima ahakiki na cheti cha kifo cha mzazi. Dirisha likifungwa, mwaka umekwenda. Mwenye nyongeza atumwagie.