Mbio za Ndakaini: Mashindano ya kulinda maji

BWAWA la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994, lilijengwa kwa kuzuia Mto Thika chini ya milima ya Aberdare, kaskazini-magharibi mwa mji wa Thika. Liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na linaweza kuhifadhi lita bilioni 70 za maji yanayotegemewa mno na wakazi wa Nairobi.

Mwaka wa 2004 zilianzishwa hapo mbio za kilomita 21 za kulizunguka bwawa hilo. Njia yake ina miinuko mikali, na hewa ni nyepesi. Shabaha haikuwa zawadi pekee, bali kuhimiza utunzaji wa vyanzo vya maji. Kwani msitu ukifyekwa, udongo huporomokea bwawani, na hatimaye mifereji ya jiji hukauka.